Mbavu za Radi

Jumatatu, 3 Machi
Aibu! Farasi wetu Radi amegoma katikati ya mlima wa hospitali, mkokoteni umejaa mashuka. Si ukaidi — pumzi hana. Tangu ile homa ya mwezi uliopita, mbavu zake unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Wauguzi wameteremka kubeba mafurushi mikononi. Matroni hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Kasema tu: hadi tarehe 23 Aprili. Farasi akishindwa, kazi ya kufua wanapewa wenye gari. Miaka kumi na mmoja nawafulia!

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, mdogo wake mume wangu, yule fundi magari, kafurahi kupita kiasi. Ana pikapu anataka tuinunue. Eti farasi ni mambo ya mababu. Mama mkwe kamjibu bila kuinua pasi: "Na wiki jana nani aliisukuma hiyo pikapu yako?" 

Jumamosi, 8 Machi
Nampa shayiri, hanenepi. Nusu inamwagika mdomoni. Nyasi anazitema mabonge mabonge. Sielewi.

Jumapili, 9 Machi
Siku mbaya. Mama mkwe kamwonea huruma Radi, kampa ndoo nzima ya shayiri kwa siri. Kufikia saa nne asubuhi farasi analala, anainuka, anageuka kutazama tumbo lake, jasho linamtiririka. Daktari wa mifugo kaja mbio, kamchoma sindano, kasema atembezwe taratibu. Mama mkwe kakataa kuniachia kamba. Kazunguka naye uani hadi adhuhuri, kanga imemdondoka, akimnong'oneza, "Nisamehe baba, nisamehe." Saa nane Radi kajamba. Tumeshangilia kama tumeshinda kombe!

Jumatano, 12 Machi
Daktari karudi, kampanua Radi mdomo. Meno ya nyuma kama visu! Yanamkata mashavu, atatafunaje? Kayapiga tupa. Kaacha na dawa ya minyoo. Na maagizo: nyasi nzuri kwanza, zisikosekane horini. Shayiri kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Mafuta ya kula, kijiko, kisha uongeze polepole. Chumvi. Maji safi daima. Na asivute kitu wiki mbili. Nimekodi punda wa jirani kwa muda. Huko mlimani nachekwa.

Jumamosi, 29 Machi
Anakula! Hatemi kitu. Nimempima kifua kwa futi ya cherehani: kaongeza sentimita tatu. Mama mkwe kabandika ratiba ukutani. Nikichelewa dakika tano nasemwa. "Mwanangu, wewe ungechelewa kula ungekubali?" Kuanzia leo tunatembea naye kila asubuhi, mkokoteni mtupu, tambarare tu.

Jumamosi, 12 Aprili
Manyoya yanang'aa. Mbavu nazitafuta kwa vidole. Jana tumefika hadi kiwandani, mwisho wa tambarare, na nusu mzigo, hakuhema. Leo Radi kamlia shemeji kofia. Kofia nzima! Daktari kwenye simu kasema tumwangalie choo. Shemeji kasema yeye ndiye wa kuangaliwa, kapata hasara.

Jumapili, 13 Aprili
Kofia imetoka. Sitaandika zaidi.

Jumanne, 22 Aprili
Mashuka yamekunjwa. Tumbo langu ndilo linaloniuma sasa. Mama mkwe kaniambia nile kidogo kidogo, mara nne.

Jumatano, 23 Aprili
Naandika hapa hapa mlimani, pembeni mwa njia, nimekalia jiwe. Mzigo kamili. Tumefika pale pale alipogomea — na kasimama tena. Nimemwekea jiwe nyuma ya gurudumu, nimempa maji. Nyuma yetu shemeji na pikapu, "nimepita tu," anadai. Juu barazani matroni, mikono kiunoni. Mama mkwe kaniambia nisimguse farasi, nikae niandike, nitulize roho.

Nahesabu pumzi zake. Zinashuka. Masikio yamesimama.

Shemeji kazima injini, kateremka. Kauliza, sauti ya chini kabisa, kama asukume kidogo. Mama mkwe: "Thubutu!"

Radi kainamisha shingo. Minyororo imekaza. Jamani — magurudumu yanazunguka kupanda, na hatamu hakuna aliyeishika! Mama mkwe anamkimbilia, kiatu kimoja mguuni, ananiita niache kuandika na