Shati la Masanja

Jumatatu, 9 Machi 1998
Redio tena. Waya nimekaza, vumbi nimepangusa. Kisanduku nilichofunga kinafanya kazi: tunachapa kwenye kompyuta, ujumbe unafika ndegeni, mdukuzi anasikia mkwaruzo tu. Ndege ni ileile kila siku. Joni, rubani kijana, huleta nyanya na barua. Kapteni Hemed, mwenye mvi, hubeba dhahabu ya mgodi. Sasa hakuna atakayejua siku ya nani. Nimekitangazia kijiji kizima cha Segese kwamba mashine haivuji. Najivuna.

Jumatano, 11 Machi
Wamempiga Kapteni risasi ya bega. Dhahabu ilikuwa inapakiwa, majambazi wakatoka kwenye mtama. Mlinzi wamemkata shingo kwa panga. Alikufa akinitazama. Dhahabu wameondoka nayo. Kapteni kapelekwa Mwanza. Jana alikuja Joni, hawakumgusa. Walijua siku. Nimeosha damu kwenye viatu, haitoki.

Alhamisi, 12 Machi
Sungusungu, walinzi wa kijiji, wanataka msaliti. Wamemkamata Masanja, anayefukuza ng'ombe uwanjani ndege isije ikatua juu yao. Kosa lake shati jipya. Anasema kapewa na Kapteni, wanacheka. Fimbo mgongoni, kamba mikononi. Nduhu, anasema, hakuna, nduhu. Nimewasihi wanipe hadi kesho jioni nitafute tundu. Mkuu wao akanijibu, "Fundi, si ulisema mashine haivuji? Basi kavuja mtu." Nilitaka kumng'oa meno.

Ijumaa, 13 Machi
Nimekaa nje na redio ndogo, nasikiliza kama mwizi. Joni anakuja. Kabla ya kuwasha kisanduku, Mama Neema, mpiga redio wetu, hujaribu njia kwa sauti. "Hujambo, Joni." Kisha mkwaruzo.

Nimemuuliza Mama Neema, na Kapteni humsalimuje. Akanishangaa. "Mzee yule? Si shikamoo kwanza. Nimwambie hujambo, sikulelewa?"

Siku ya shikamoo ndiyo siku ya dhahabu. Hewani, wazi, kila mara.

Nilikimbia kwa sungusungu. Jioni ilikuwa bado, lakini walikuwa wameshachoka kupiga. Masanja alikuwa hapumui, uso haukuwa uso tena. Nilimjua kwa shati. Nikampiga mkuu wao ngumi, wakanivunja mbavu. Bora wangenimaliza.

Jumatano, 25 Machi
Mvua kidogo. Kapteni amerudi, mkono umefungwa kitambaa. Anakaa kiti cha pili, Joni anarusha. Hewani Mama Neema hakusema neno, kisanduku tu. Ndege ilizunguka mara mbili, ng'ombe wamejaa uwanjani. Nikaenda kuwafukuza mimi, mbavu zikiuma.

Ilipotua, Mama Neema akavuka tope, akapiga goti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Kapteni akatoa mfuko chini ya kiti. Amemletea Masanja shati lingine, akasema, lile la kwanza alihisi lingembana. Akatazama huku na huku, akauliza yuko wapi.

Mama Neema hakuinuka. Nikaupokea mfuko.