Maziwa Mabichi, Maziwa Yaliyoiva, na Jina Langu

Bariadi, Jumamosi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Mawingu yamejikusanya upande wa Maswa, yanawatania wenye pamba, mvua hakuna. Hali yangu: safi.

Safi kabisa.

Shajara yangu, na ninyi wachache mnaosoma blogu hii mkiwa kazini, leo kaeni vizuri. Mimi Masunga, mwenye steshenari ya kona, niliyeacha shule kidato cha pili, jina langu limeingia kwenye jarida la madaktari. Siyo gazeti la kufungia vitumbua. Jarida, la kimataifa. Nafasi ya pili kutoka juu, chini ya daktari mwenyewe. Kuna watu wamesoma mpaka macho yakaomba miwani, na hapo hawajafika. Bahati hunifuata mimi kama mbwa anavyomfuata mwenye bucha. Ilinifuata Tunduma, ikanifuata Lubumbashi, na leo imenifuata mpaka kwenye kiti changu cha dukani.

Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Daktari mwenyewe ni Nkwabi. Tulikaa dawati moja shule ya msingi, tulipokuwa tunaishi Nyalikungu, na hesabu alikuwa ananakili kwangu. Hili nimeshaliandika humu na nitaliandika tena. Baadaye yeye akaendelea na shule, mimi nikapanda malori. Yeye akarudi na koti jeupe, mimi nikarudi na hadithi. Ananiita nkoi, mwenzangu, vilevile kama zamani, na karatasi zake zote anachapia kwangu. Lakini kila akitoka hapa dukani na ile kalamu yake mfukoni, kuna kitu kinanichoma chini ya mbavu, na siyo njaa.

Nina wivu naye. Basi, nimeandika. Mke wangu akisoma atasema alijua kabla yangu.

Msimu uliopita Nkwabi aliamua kufanya utafiti kuhusu brusela, ule ugonjwa ambao ng'ombe anautoa kwake anampa binadamu. Mtu anapata homa haiishi, viungo vinauma, anatibiwa malaria, anatibiwa taifodi, mpaka anakata tamaa na kwenda kwa mganga. Nkwabi alitaka kujua watu wanaupata vipi. Akahitaji mtu wa kumpeleka Kimali kwa wafugaji. Mtu huyo alikuwa mimi, na pikipiki yangu, na mgongo wangu uliokuwa mzima kabla ya ile barabara.

Alikuwa na fomu ya maswali. Swali mojawapo lilisema: je, unakunywa maziwa mabichi? Tulizunguka siku tatu. Kila nyumba, hapana. Mabichi? Hapana, hatunywi. Nkwabi anaweka alama, uso unazidi kurefuka. Jioni ya siku ya tatu akaniambia hapa hakuna utafiti, hawa watu ni wasafi kuliko sisi.

Nyumba ya mwisho siku ile ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, mayu mwenye ucheshi wake. Naye alikuwa ameshajibu hapana. Fomu ilipofungwa akatukaribisha mtindi, kila mtu kata yake. Mimi nikapiga kata nzima, nikafuta sharubu, nikamuuliza kwa Kisukuma, kwa utani tu, haya aliyachemsha lini. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kuku huvaa viatu saizi gani.

"Nani anachemsha maziwa ya kuweka kwenye kibuyu, ng'wanawane, mwanangu? Yakichemshwa hayaivi vizuri."

Nikamwambia mbona amesema hanywi mabichi.

"Haya siyo mabichi," akasema. "Haya yameiva."

Kisukuma cha Nkwabi kilipotelea bweni, kilichobaki ni salamu. Ikabidi nimtafsirie pale pale, kata mkononi. Kwamba kwa hawa watu maziwa mabichi ni yale ya moto yanayotoka kwenye chuchu sasa hivi. Yakishakaa kwenye kibuyu siku zake yakaganda, yameiva, kama ndizi inavyoiva. Moto hauhusiki. Kwamba siku tatu nzima tulikuwa tunawauliza kama wanakula ndizi mbichi, wanasema hapana, na mkungu wameubeba kichwani.

Nkwabi aliishusha ile kata polepole. Alikuwa ameshakunywa nusu.

Usiku hatukulala kwa kucheka, na asubuhi tukarudi nyumba zote za mwanzo na swali jipya, nililolitunga mimi: mnachemsha kabla ya kugandisha? Majibu yakageuka. Huo ndio utafiti, jamani. Mengine yote ni majedwali.

Halafu akaja Adrian kutoka Mwanza, mtaalamu wa takwimu. Alikaa siku mbili. Alikuja na maji yake ya chupa na akayamaliza mwenyewe. Akaingiza namba kwenye kompyuta, namba zikasema alichokuwa ameshasema mayu.

Miezi imepita kwenye kuandika. Nilidhani kupeleka mswada kwenye jarida ni kama kupeleka barua posta. Nani kasema. Wana masharti kuliko wakwe. Nafasi kati ya mstari na mstari iwe pana. Kila mstari uwe na namba pembeni, kama aya za Biblia. Majedwali kwenye faili lake, picha kwenye faili lake, ikisiri isizidi maneno waliyopanga, marejeo yapangwe hivi, nukta hapa, mkato pale. Marejeo niliyapanga mara nne. Na ukurasa wa majina unakaa peke yake, kwa sababu wale madaktari wanaokagua hawatakiwi kujua nani kaandika. Kwamba wasije wakapendelea.

Majina yote yamefichwa, lakini langu lilikuwa limefichwa kuliko yote.

Niliona leo. Mtandao wa kazini kwake hukatika kila faili kubwa likifika katikati, kwa hiyo Nkwabi aliniachia kila kitu asubuhi, mpaka nywila. Alikuwa anakimbilia zamu. Akasema niandae yote, nipakie faili moja moja, ila kitufe cha mwisho nisikibonyeze mpaka aje saa kumi, ana kitu cha kuongeza. Nikasema sawa daktari. Mimi nikitaka kumchoma namwita daktari.

Nikafungua ukurasa wa majina. Wa kwanza Nkwabi, sawa. Wa pili Adrian. Adrian wa maji ya chupa! Wa tatu profesa wao, ambaye Kimali anaiona kwenye ramani. Nikafungua mswada wote, nikaandika "Masunga" kwenye kisanduku cha kutafuta, nikabonyeza. Kompyuta ikasema hakuna.

Nikajaribu kwa herufi ndogo. Hakuna.

Nikashuka mpaka sehemu ya shukrani. Kiingereza changu ni cha barabarani, cha "simama", "pita" na "mzigo wa hatari", lakini neno la dereva nalijua. Wamewashukuru wananchi, wameishukuru wilaya, wamemshukuru dereva wao. Hana jina. Dereva.

Nicheke au nilie? Mtaa mzima huu nimewaambia nilikuwa dereva wa malori makubwa, Dar mpaka Lubumbashi. Ukweli nilikuwa utingo. Usukani niliushika siku nilipokuwa naufuta vumbi. Leo mtu ameniita dereva mbele ya dunia nzima na nimekasirika.

Nilikumbuka hesabu zangu alizonakili. Niliona koti jeupe. Nikamwona kichwani Nkwabi kwenye mkutano Arusha, amevaa kitambulisho shingoni, watu wanapiga makofi kwa sababu ya maziwa yaliyoiva. Pale palipoandikwa ongeza mwandishi, nikaongeza. Masunga. Nikalisogeza kwa kishale, juu ya profesa, juu ya Adrian. La pili. Nikalitazama. Lilikuwa limekaa vizuri mno.

Sasa ukurasa uliofuata. Wanataka utamke kama una mgongano wa maslahi. Nikaupitisha kwenye tafsiri ya simu, nikacheka peke yangu: maslahi yangu yanagongana tangu darasa la tatu. Chini yake kuna kisanduku cha kuweka alama. Simu ikatafsiri: kila mwandishi amesoma maandishi haya yote na anayaafiki.

Amesoma.

Nimeyachapa yote. Najua kila mkato ulipo. Kusoma sijasoma, kwa sababu sielewi. Ningeulizwa na mtoto wa sekondari ukurasa wa tano unasema nini, ningemwambia una mistari mingi.

Nimedanganya polisi wa mizani, nimedanganya wenye nyumba, nilimdanganya mkwe wangu kuhusu idadi ya ng'ombe. Kile kisanduku kidogo kilinishinda. Nikarudi nyuma, nikalifuta jina langu herufi moja moja, kama mtu anayechuna kidonda. Halafu kwa hasira ile ile, ili tu kitoke mbele ya macho yangu, nikaenda mpaka mwisho nikabonyeza tuma. Ilikuwa saa nane. Saa kumi asubiri nani? Waende zao na dereva wao.

Ikaja barua pepe: asante, tumepokea.

Nkwabi aliingia saa kumi na robo, bado na viatu vya plastiki vya chumba cha upasuaji, amebeba karatasi moja. Akavuta kiti akakaa upande wangu wa kaunta kama alivyokuwa anakaa dawatini. Akauliza kama nimeshatuma. Nikasema tangu saa nane, kwa sauti ya mtu mwenye haki.

Aliikunja ile karatasi yake mara mbili. Kisha akaniuliza ile fomu aliyoniletea wiki tatu zilizopita iko wapi, ile ya kusaini.

Naikumbuka. Karatasi moja ya Kiingereza. Aliniambia nisome nikiridhika nisaini. Niliishika, nikatembeza macho juu chini kama mheshimiwa, nikamrudishia utani: mimi na wewe hatuandikishani, makaratasi ya kizungu mpe Adrian. Alivyoondoka nikaigeuza, nikajaribia wino. Bado iko kwenye rundo la karatasi chakavu. Nyuma yake kuna kadi ya harusi ya watu wa Mwamanyili, maua yamechapika kijani badala ya mekundu.

Ilikuwa fomu ya ruhusa ya kutajwa. Jarida halikubali kumshukuru mtu kwa jina bila saini yake, kwamba asije akasingiziwa. Wewe hukusaini, akasema Nkwabi, nikaweka "dereva" kuishikilia nafasi.

Halafu akavuta kompyuta, akaenda kwenye ile sehemu inayoeleza utafiti ulifanyikaje, akanisomea mstari mmoja, anautafsiri taratibu. Swali la maziwa lilibadilishwa baada ya mkazi wa mkoa kugundua kwamba neno "mabichi" linaeleweka tofauti kwa wafugaji. Akasema, mkazi huyo ni wewe, nkoi. Profesa amesema huo ndio mstari bora kuliko yote.

Nilitazama nje. Vumbi.

"Ile fomu sikuisoma kwa sababu siwezi," nikamwambia. Nimeishi na huyu mtu tangu nina meno ya utoto, na sentensi hiyo haijawahi kutoka.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nasubiri uniambie nikusomee. Nikaona hutasema, nikaandika nyingine."

Akaifungua ile karatasi juu ya kaunta. Mwandiko wake mwenyewe, ule mbaya wa madaktari, lakini Kiswahili. Mimi Masunga nakubali jina langu litajwe, kwa kazi ya kutafsiri, kwa kugundua kosa la swali la maziwa na kutunga swali jipya. Hiki ndicho alichosema anakuja kuongeza. Mstari umebaki wa saini.

Akauliza kama kitufe kile kina kurudi nyuma. Nikamwambia hakina. Akasema wakaguzi wakirudisha mswada na maswali yao tutauweka, kama watarudisha, wakati mwingine wanakataa moja kwa moja. Hakunilaumu. Ingekuwa rahisi zaidi angenilaumu. Alikunywa chai yangu, akaniambia nimuombee mayu wa Kimali maisha marefu, akarudi kazini na viatu vyake vya plastiki.

Nimesaini. Karatasi nimeiweka chini ya kioo cha kaunta, anayekuja kutoa kopi ataisoma. Habari ya kulichomeka jina langu juu ya Adrian sikumwambia. Naiandika hapa, na najua Nkwabi husoma hapa akiwa zamu. Nkoi, umeshaipata.

Wivu bado upo, nisiwadanganye. Umehama tu. Sasa namuonea wivu Masunga ambaye angengoja zile saa mbili, mpaka saa kumi.

Na lile la juu, la nafasi ya pili kutoka juu, ni uongo. Siyo la pili, siyo la mwisho. Jina langu halimo, na aliyeutuma mswada bila jina langu ni mimi.