Mama mkwe anadhani mimi ni nesi, kumbe nahesabu seli za macho ya panya

Mpendwa Bi. Kageha, naomba unisaidie kabla ndoa yangu haijavunjika nayo hata haijaanza. Mimi ni Awinja, nafanya kazi katika maabara ya chuo kimoja hapa Kakamega, na kazi yenyewe ni macho ya panya, yaani panya akishakufa tunatoa retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, tunaukata kingo na kuulaza bapa kama ua, tunautia rangi, halafu mimi naketi kwenye hadubini nikihesabu seli za neva moja moja na kuchora ramani ya mahali zilipojaa na mahali zilipopungua, kwa sababu tunataka kujua presha ya jicho ikipanda huanza kuziua wapi, na jamani kazi hii naipenda, ramani ikikamilika huwa naiona kama mji mzima kutoka juu.

Shida ni mchumba wangu, Osundwa. Siku aliyonipeleka kwao Butali, mamake, Mama Namalwa, alituwekea obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, akaniuliza nafanya kazi gani, na kabla sijameza Osundwa akarukia, "Ni nesi, mama. Nesi wa macho." Tulipotoka nje nikamuuliza kwa nini, akasema, "Ukimwambia unatoanga panya macho, atasema nimeleta mchawi." Nikanyamaza, na sasa nimekuwa nesi wa kijiji kizima, majirani wananivutia kando wakinifumbulia macho niwaangalie.

Jumapili iliyopita Mama alinimiminia chai, ikamwagika mezani kando ya kikombe, kisha akagonga bega kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akacheka, akasema, "Ni uzee tu. Lakini si nesi wangu ako hapa? Niangalie basi." Nikamwambia afunike jicho moja na kutazama pua yangu, nikapunga mkono pembeni, hakuuona. Mshauri, najua seli hizo zikifa hazioti tena. Akauliza, "Utanipatia dawa gani?" Nikamjibu nitafikiria. Nikisema ukweli nitaitwa mchawi na mwongo kwa pamoja, nikinyamaza huenda mama wa watu akapofuka. Nifanye nini?

Awinja, Kakamega

Awinja, utafikiria? Macho ya mtu yanakwisha na wewe unafikiria? Ndiyo maana sikungoja zamu yako gazetini. Nilikupigia simu nikakuambia umpeleke Mama kliniki ya macho, na ukweli umwambie mkiwa foleni, kabla hajaitwa na daktari. Jana ulinipigia, na kwa kuwa umeniruhusu, wasomaji nao wasikie yaliyotokea.

Ulimweleza yote, panya, rangi na ramani, hata uchawi aliouogopa Osundwa. Akauliza, "Mnawatoanga macho wakiwa hai?"

"Hapana, mama. Wakishakufa."

"Na kuhesabu huko ndiko kumekufanya ujue jicho langu ni gonjwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huo si uchawi. Lakini Osundwa aliona mimi sina akili ya kuelewa?" Hapo ndipo alipolia, wala si kwa sababu ya jicho.

Daktari akathibitisha kwamba presha ya macho iko juu. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, mradi asiache kuitumia. Nakushukuru kwa kumpeleka, dada. Lakini usivimbe kichwa. Ulinyamaza ulipopaswa kusema, na unesi husomewa, haupewi mtu mezani na mchumba wake. Rudi Butali uwaambie wale majirani kwamba wewe si nesi, mmoja mmoja, wasije wakakaa na macho mabovu wakingoja dawa yako. Waelekeze kliniki.

Huyo Osundwa naye aende kwa mamake peke yake, bila wewe wa kumkinga, aombe msamaha. Asijidai alikuwa anakulinda. Alikuonea haya, na mume anayeionea haya kazi ya mkewe atakusumbua hadi uzeeni. Mwulize hilo uso kwa uso, usikilize jibu lake.

Jambo la mwisho, wewe unalijua kuliko mimi: ugonjwa huu hufuata ukoo. Kwenye simu umesema Osundwa anaogopa kuguswa jicho. Aogope akiwa ameketi kwenye kiti cha daktari. Kabla hajaomba msamaha na kupimwa, usimpe tarehe ya harusi.