Mkutano wa kwanza haukuwa hotelini

Alhamisi, baada ya chakula

Na bado nikasema, "Sawa, Daktari." Nimejichukia mwenyewe.

Daktari ndiye mwenyekiti wa tawi la kina Baba, la chama cha kimataifa cha wanaoshughulikia vifaa vya hospitali. Alinipa historia ya tawi niitafsiri kwa Kiswahili, isomwe Jumamosi kwenye sherehe ya tawi. Ameandika ati tawi lilianzishwa na madaktari hotelini. Si kweli. Lilianza hapa nyumbani kwetu, mtaa wa Tassia, na aliyewaita watu ni Baba, fundi wa mashine za oksijeni. Jina lake halimo kabisa. Nililiona hilo, nikatafsiri vilevile.

Jioni Baba akaisoma yote, polepole. "Kiswahili safi, Achieng. Sioni kosa."

Mama akaweka sufuria chini. "Huoni kosa? Na zile chapati za watu tisa nilipikia hoteli gani?"

"Wacha, Mama Achieng. Daktari ana mengi kichwani."

Mama akacheka. Baba hakucheka. Shati la Jumamosi ameshalipiga pasi.

Nikamwandikia Daktari ujumbe, nikafuta, nikaandika tena. "Samahani, Daktari. Mkutano wa kwanza ulikuwa nyumbani kwetu, na aliyeuitisha ni Baba. Nimeongeza hiyo sentensi." Nikatuma kabla sijabadilisha mawazo.

Ameusoma. Hajajibu.

Labda ataiondoa sentensi yangu. Namwogopa sana huyo mzee. Lakini ninachoogopa zaidi ni kumwona Baba, na shati lake limenyooka, akiipigia makofi historia isiyo na jina lake.