Nahodha Anipendelea Mbele ya Wenzangu

Mombasa, 1948

Mpendwa Bi Sabira,

Naomba unisaidie, na ukitaka kunigombeza nigombeze, kwani mficha uchi hazai, nami nimeficha hadi nimechoka. Mimi ni msichana wa Kibokoni, mwaka wa pili huu nafanya kazi katika mojawapo ya hizi merikebu za kwenda mwezini zilizoanza kuondoka pale karibu na Ngome tangu vita kwisha, na ndani tuko wanne tu, nahodha wetu Taib, fundi Kioko, Nanjala mpishi ambaye nalala naye chumba kimoja, na mimi ambaye kazi yangu ni kusoma saa za hewa, yaani ile mishale inayoonyesha kila chumba kimebakiwa na hewa kiasi gani. Desturi yetu ni kwamba nikisoma kwa sauti, Kioko naye huangalia nyuma yangu, na nikikosea hunambia nisome tena.

Sasa Bi Sabira, mimi na Taib twapendana, sikufichi, naye hajui kupenda kwa siri, tukikaa kwenye sinia husukuma vipande vya samaki upande wangu mpaka wenzetu wakabaki na wali mtupu, mwanzo wakanitania wakaniita Bi Nahodha, nikacheka nikala, kisha akaniondolea zamu ya kusugua sakafu akampa Nanjala, nikanyamaza, kisha siku moja Kioko akanambia nimekosea, nisome tena, Taib akamgombeza mbele yetu sote ati amenivunjia heshima, na wallahi nilijua Kioko ana haki lakini roho yangu ilifurahi kwa kutetewa. Tangu siku hiyo nikisoma, Kioko huitikia tu, "Ndiyo, bibi."

Safari iliyopita, ikiwa imebaki siku mbili tufike nyumbani, nikasoma saa ya chumba cha juu nikidhani ni ya chumba cha chini, Kioko akasema ndiyo, bibi, na kumbe Nanjala amelala chini na hewa huko inakwisha. Kioko ndiye aliyesikia akikohoa, akavunja mlango akamtoa mabegani, naye Taib akampepea siku zote mbili, chakula hakigusi, machozi yanamtoka. Nilimuuliza Kioko kwa nini hakunambia. Akanijibu, "Sikuangalia. Niliambiwa kazi yangu si kukukosoa wewe."

Nanjala amepona, alhamdulillahi, lakini amehamisha godoro lake. Naye Taib ameandika katika taarifa kwamba aliyekosea kusoma ni Kioko, na Alhamisi hii Kioko ataitwa ofisini, na sote twajua atafukuzwa, mtu ana mke na watoto wanne. Wiki hiyo hiyo Taib akamtuma shangazi yake kwetu na posa, mama yangu furaha imemjaa, ameshakwenda madukani kuangalia leso, nami nimekaa kama bubu. Nikisema kweli Taib atavuliwa unahodha na huenda akanichukia, nikinyamaza nitaolewa juu ya mgongo wa Kioko. Nampenda, Bi Sabira. Nifanyeje?

Mimi niliyependelewa,
Kibokoni

JIBU

Mwanangu,

Pole. Nimekupa pole moja na yatosha, nyingine zote ni za Nanjala.

Unanambia Taib hajui kupenda kwa siri. Na wewe je, hukujua kula kwa haya? Samaki uliwala wewe. Sakafu iliyokupita ilisuguliwa na mwenzio, nawe ukaona sawa. Yeye alikosa kwa kukupenda vibaya, nawe ulikosa kwa kupenda kupendelewa. Naye Kioko asijidai malaika, maana mtu akiacha kazi yake kwa kununa, wa kufa ni yule aliyelala. Lakini kununa si sababu ya kusingiziwa, na aliyevunja mlango hafukuzwi kwa kosa lako.

Waogopa Taib atakuchukia. Huenda. Lakini leo amemsingizia Kioko kwa ajili yako. Siku atakayokusingizia wewe, itakuwa kwa ajili ya nani? Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, hata akienda mwezini na kurudi.

Hata hivyo kijana huyu sijamkatia tamaa. Mtu aliyekaa siku mbili akimpepea mpishi wake ana moyo. Ameogopa tu, na mtu akiogopa huandika upuzi.

Basi nisikize. Leo hii nenda kwa Nanjala. Zawadi usimpelekee, atadhani wataka kumnunua. Mwombe radhi, umwambie sakafu ni zamu yako safari tatu zijazo, na mwaka mzima akitaka. Kisha nenda kwa Kioko, umwombe radhi mbele ya mkewe, umwambie unataka akukosoe kama zamani. Jumatano mwite Taib aje kwenu, mama yako awepo, naye aambiwe kila kitu kwanza, maskini, leso zimemlevya. Mwambie Taib hivi: "Kesho nakwenda ofisini kusema niliyekosea ni mimi. Napenda twende pamoja, lakini hata peke yangu nitakwenda." Usilie wala usieleze sana. Akikataa, Alhamisi wewe uwe mlangoni kabla ya karani. Akivuliwa unahodha, avuliwe. Hujapenda kofia, umempenda mtu, au sivyo?

Na kwenye sinia, yeyote akikusukumia samaki, wewe msukumie jirani yako.

Posa usiikatae wala usiipokee. Shangazi wa watu apewe kahawa na maneno mazuri, aambiwe asubiri, posa haiozi. Itafika siku mtakuwa huko juu, umesoma saa, na Kioko akakwambia mbele ya wote, "Umekosea, soma tena." Mwangalie Taib. Akinyamaza akakuacha usome tena, basi ukirudi mwambie mama yako apokee.

Bi Sabira