Gauni la Njano Nililolificha Nyuma ya Makoti

Alhamisi jioni, Homa Bay

Joto la leo lilikuwa la kukaba. Mawingu yalikaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mazito kweli, yakakataa kuwa mvua. Nimerudi nyumbani, nimevua viatu, nimekaa sakafuni kwa sababu ndiyo yenye ubaridi kidogo. Mbele yangu, kwenye msumari, linaning'inia gauni la njano. Nililigeuza liangalie ukuta. Nikaona hivyo ni vibaya zaidi, nikaligeuza tena.

Kwenye simu yangu kuna ujumbe niliouandika Jumapili na sijautuma. Unasema: "Mama Apiyo, nashukuru kwa yote, lakini hii kazi sitaiweza." Mama Apiyo ndiye mwenye duka la nguo ninakouza. Kila siku naufungua, nausoma, naufunga.

Naogopa. Bora niseme mapema.

Miezi mitatu iliyopita nilitoka Voi na sanduku moja na ndoa iliyokwisha. Binamu yangu anafundisha shule huku, akaniambia njoo, mji unakua, kazi haikosekani. Binti yangu Saru, miaka minane, nilimwacha na mama yangu. Mama alinipa sharti moja: mtoto atakuja huku siku nitakapokuwa na kazi ya kueleweka, si kazi ya leo ipo kesho haipo. Shule zinafungwa wiki ijayo. Saru anakuja Ijumaa ya wiki hiyo, na dada yangu ndiye atakayemleta. Nikiacha kazi kabla ya hapo, basi asubiri tena, na sauti yake kwenye simu imeshaanza kuwa ya mtu aliyezoea kusubiri.

Siku niliyoomba kazi, Mama Apiyo hakuniuliza cheti wala uzoefu. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Geuka." Nikageuka. "Utaanza kesho," akasema. Nilirudi nyumbani nikijisifu, nikidhani ameona ndani yangu ule ujuzi wa kuuza vitambaa niliotoka nao Voi. Kumbe alikuwa ameona mabega.

Siku nyingi duka ni duka tu. Wanakuja walimu, mama wa kanisa, wasichana wanaoshika kila nguo na hawanunui hata moja. Jumamosi hatufungui kwa sababu Mama Apiyo ni Msabato. Lakini Jumatano na Alhamisi huja wateja wengine. Huingia wawili au watatu pamoja, kwa utulivu, na hawaulizi bei kwanza. Mmoja huwa ameshika simu yenye picha. Huangalia picha, halafu huniangalia mimi.

Kwetu mtu huenda kaburini na nguo yake ya kanisani, ile iliyozoea mwili wake. Hawa wanaokuja dukani kwetu humnunulia marehemu wao nguo mpya. Na kwa kuwa mwenyewe hawezi kuja kujaribu, hutafutwa mtu wa mwili kama wake. Mimi nina mwili wa watu wengi.

Hakuna aliyeniambia. Wiki yangu ya kwanza walikuja mama wawili kutoka Kisegi, wakaniomba nivae gauni jeupe la mikono mirefu. "Dada yetu ni saizi yako," wakasema. Nikavaa. Nikazunguka mbele yao nikipepea mikono, nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuuza, "Bibi harusi atawaka!" Hawakucheka. Mmoja aliweka kitambaa mdomoni. Mwingine akaniambia taratibu, "Nyathina, tunamzika Jumamosi." Kwa lugha yao, nyathina ni "mwanangu". Aliniita mwanangu ili nisione aibu, na aibu ikawa mara mbili.

Baadaye Mama Apiyo alinifundisha. Zipu iwe nyuma, kwa sababu mochari wakishindwa kumvalisha huipasua nguo mgongoni. Kola iwe juu. Familia ikisema saizi, wanasema ya kabla ya ugonjwa, kwa hiyo usibishane. Usiseme "itadumu." Usiseme "karibu tena."

Nimeyazoea maneno. Macho yao sijayazoea. Nikishapanda kistuli cha kujaribia nguo huacha kuangalia nguo, wananiangalia mimi, na uso wangu unakuwa hauna kazi. Mama mmoja alinirekebisha nywele zilizokuwa sawa. Mzee mmoja alinipa mkono, akasema "Oriti," kwaheri yao, na hakuwa ananiaga mimi. Halafu siku moja mbili baadaye msafara unapita mbele ya duka, magari yamefungwa vitambaa vyekundu, honi zinalia, na kwenye kioo cha gari la mbele kuna picha ya mwanamke. Nasimama mlangoni nikimwangalia. Najisemea, kumbe wewe ndiye yule wa gauni la zambarau.

Nilianza kuruka chakula cha mchana. Nilitaka kukonda, nisimtoshe mtu. Mama Apiyo akaanza kuniletea samaki na ugali, anakaa mbele yangu mpaka nimalize. "Nyar Voi," huniita hivyo, binti wa Voi, "kula, usiniharibie duka."

Jumapili nilikuwa kanisani. Mwanamke wa kiti cha mbele aligeuka kutoa amani, akanishika mkono, hakuuachia. Uso wake niliukumbuka, alikuwa mteja. Akasema, "Samahani. Nilidhani ni yeye amerudi." Nyimbo mbili zikaimbwa bado ameushika. Niliandika ule ujumbe nikiwa nje ya kanisa, chini ya jua.

Sasa, ya leo.

Jumatano ya wiki jana alikuja mwanamume peke yake, mkulima kutoka Lambwe, kofia mkononi. Alisema anataka gauni la mama watoto. "Ana mwili kama wako, au alikuwa nao." Nikapanda kistuli. Akachagua jeupe, lile ambalo wanaume huchagua wakitaka kumaliza haraka. Nilimuuliza mazishi ni lini, nijue kama kuna muda wa kulipunguza. Akasema, "Bado." Nikadhani familia haijapanga siku.

Leo Mama Apiyo alikwenda Migori kuchukua mzigo, nikawa peke yangu. Saa nane mchana, barabara haina mtu, hata redio ya kinyozi jirani imenyamaza. Akaingia mwanamke na mfuko. Alisimama mlangoni akanitazama, nami nikamtazama. Mabega yangu. Shingo yangu. Hata namna ya kuegemea mguu mmoja. Ila nguo zilimpwaya, utadhani ameazima zangu.

Akatoa lile gauni jeupe kwenye mfuko, akaliweka juu ya meza.

"Ni wewe ulijaribu hii?"

Nilidhani amenijia kwa ajili ya mumewe. Nikaanza kujitetea, mama, mimi simjui mzee wako, mimi ni mwajiriwa tu hapa, alisema anamnunulia mama watoto. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akalazimika kukaa.

"Mzee wangu? Hawezi! Hata gauni ameshindwa kuficha, ameiweka kwa gunia ya mahindi, na mahindi ni mimi napika." Akapangusa macho. "Daktari alituambia tukiwa wawili. Yeye akajifanya hajasikia. Mimi pia nikajifanya sijaona vile amesikia. Sasa anazunguka huku nyuma yangu, ananunua."

Nilisema pole. Akapunga mkono, wapi, achana na hiyo.

"Nyeupe sitaki. Nitakaa kama nesi."

Akainuka, akaanza kupita kwenye hanga moja baada ya nyingine, akizigusa nguo kwa upande wa nyuma wa vidole. Alipita nyekundu, akapita samawati, akafika mwisho kabisa kwenye makoti, ambayo hayanunuliwi na mtu katika mji huu wa joto. Huko nyuma nilikuwa nimelificha gauni moja la njano, kitambaa chepesi, pindo pana. Nimekuwa nikilificha tangu lilipoingia. Nilitaka nilichukue mwisho wa mwezi, nilivae siku ya kumpokea Saru, anione kwa mbali stendi kabla hata basi halijasimama.

Akalivuta, hakutafuta hata. Mkono wake ulikwenda kwa moja.

"Hii."

"Hiyo ni ndogo, mama," nikasema.

Nilimdanganya mgonjwa, na aliona.

"Vaa nione."

Nikavaa. Alinifunga zipu mwenyewe, polepole, mpaka juu, na katika joto lile vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kuosha samaki. Akaniambia nigeuke. Nitembee hadi mlangoni. Nirudi. Nikae, niinuke. "Inua mikono, kama unaanika." Nikainua. Sijawahi kutii mtu hivyo. Halafu akaja nyuma yangu mbele ya kioo, kidevu chake karibu na bega langu, na kioo kikawa na gauni moja na nyuso mbili. Nilimwona akinyoosha kola. Sikujua ni shingo ya nani inayoguswa.

"Nimependeza," akasema.

Hakusema umependeza.

Nje pikipiki ilipita, ikaenda. Kisha akaniuliza kwenye kioo, bila kugeuka, "Hii ulikuwa umeficha yako, sivyo?"

Nikamwambia yote. Voi, mama yangu, sharti, Saru, basi la Ijumaa. Nilijikuta nalia ndani ya nguo ya mtu. Alinisikiliza kama anayesikiliza habari za jirani, akiitikia "ehe, ehe," na nilipomaliza akafikiri kidogo.

"Basi ivae. Umpokee nayo. Halafu urudishe kwa hanga. Siku yangu ikifika, mzee akikosa ile nyeupe kwa gunia, atakuja hapa kuichukua."

"Lakini itakuwa imevaliwa."

"Ndiyo hiyo nataka. Sitaki kuenda na nguo haijawahi kumshika mtu." Akafungua zipu, akanipa mgongo ili nivue. "Na usiifue."

Akaacha lile jeupe mezani. Alipofika mlangoni akageuka. "Mzee akikuja, utakuwepo? Sitaki mwingine ampatie. Atapewa nyeupe tena."

"Nitakuwepo," nikasema.

Neno lilitoka kabla sijalifikiria. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepanga jambo likakaa, akaondoka taratibu kwa upande wa kivuli. Niligundua baadaye kwamba sikumuuliza jina.

Mama Apiyo aliporudi kutoka Migori na magunia yake, alilikuta lile jeupe mezani. Nikamweleza. Alikaa juu ya gunia, mtu ambaye huwa hakai mpaka kila kipande kimepangwa. "Njano?" akauliza. "Huyo mama ana kichwa ngumu. Beba, nyar Voi. Usiliache hapa, litauzwa."

Ndiyo maana liko kwenye msumari wangu.

Nimejaribu kuwa mtu wa akili. Ni kitambaa na zipu. Lilishonwa na mtu asiyenijua mimi wala kumjua yule mama. Lakini tangu nifike sijaweza kulipa mgongo, na kila upepo ukipita dirishani pindo linasogea kidogo tu, kiasi cha mtu aliyesimama akibadilisha mguu. Nimeogopa pia jambo jingine, na hili nililiandika nikalifuta, naliandika tena: naogopa Ijumaa Saru atamwona yeye badala yangu. Kwamba atashuka, atasimama, atasita.

Namjua mtoto wangu, hata hivyo. Saru hasiti. Atashuka mbio, mikono ina mafuta ya mahamri aliyofungiwa na bibi yake, na atanivaa kiunoni na kuupigilia uso wake tumboni kwangu, machozi na kamasi vyote pamoja. Vidole vyake vitaacha alama pande mbili, hapa na hapa. Sitalifua. Mama yule wa Lambwe ataondoka siku yake na mikono ya mwanangu imemshika kiunoni.

Nilipolifikiria hilo, nililia, na woga ukapungua. Haukuisha. Umepungua.

Nimeufuta ule ujumbe.

Kesho nafungua duka saa mbili. Kuanzia sasa nitakuwa nikiangalia mlangoni, nikimtafuta mzee mmoja mwenye kofia mkononi, na nitaomba asije, leo asije, na kesho yake asije. Ijumaa ya wiki ijayo nitalivaa.

Tatizo ni Saru. Ni mtoto wa maswali. Ataniuliza, mama, lile gauni zuri mbona umelivaa siku moja tu, liko wapi? Nitamwambia lina mwenyewe. Halafu ataniuliza mwenyewe ni nani, na kwa nini siku ile alinipa mimi kwanza, na hapo, nimekaa sakafuni tangu jioni, bado natafuta la kumjibu.