Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Mota na Propela ya Mashua Yako

Mpendwa mama mkwe,

Huko uliko naamini mambo ya heshima ya wakwe yamekwisha, kwa hiyo leo nakuandikia mwenyewe, bila kumtuma mtu. Usiinuke ukimbilie jikoni.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Mimi fundi wa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua pale Tunduma, kila nilipokuja kwenu Momba, kando ya Ziwa Rukwa, nilikohoa kabla ya kufika uani ili upate nafasi ya kujificha. Ukiwa na neno, unampa mke wangu Salome, nami niko nyuma ya ukuta nasikia kila kitu. "Mwambie mwenzio chai ipo." Nami namwambia Salome nimeiona. Watu wanakufa kwa kicheko, mimi na wewe tu ndio tumenuna.

Salome alipopata mimba ya kwanza akarudi kwako kujifungulia, kama desturi ilivyo. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya ziwa. Masika barabara inageuka tope, na mashua yako ya tanga, iliyokuwa ikivusha mpunga na watu, haiendi popote upepo ukikata. Nilikusikia ukimsimulia Salome jinsi mdogo wako alivyoshikwa na uchungu humo, upepo ukakata, ukarudi naye amefunikwa khanga. Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nikamwambia Salome akuambie kwamba nitaifungia mashua mota ya umeme.

Sisi wa Tunduma tunaishi katikati ya malori, mama. Nguvu ndiyo tunayoijua. Nikaja na mota kubwa, nikaifungia propela ndogo inayokimbia sana. Siku ya kujaribu maji yalitoa povu kama sufuria ya uji, mashua ikajisogeza kwa kusitasita, betri zikaisha hata matete hatujayapita. Tukarudi kwa kuisukuma mashua kwa upondo. Wewe uliijua mashua ile kuliko mtu yeyote, lakini ungepandaje kunionyesha, nami nimo ndani?

Ukamtuma Salome aniletee kasia lako pana. Hakuna neno lililoambatana nalo. Nikaingia ziwani na mashua peke yangu nikapiga kasia. Nikiharakisha, napata jasho tu. Nikivuta polepole kwa upana wote wa kasia, ule mzigo wa mbao unakwenda. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Basi nikarudi Tunduma, nikaiacha ile mota kubwa, nikachukua ndogo. Nikaiwekea puli na mkanda kama za mashine ya kusaga, mota ikimbie lakini propela izunguke taratibu. Propela nikachagua pana kadiri kina cha maji kilivyoruhusu, nikaifunga kwenye mkono unaoinuka, isije ikalima tope ufukweni. Jamaa zangu wa gereji walinitania kwamba nimefunga feni.

Uchungu ulimshika Salome asubuhi moja baada ya mvua kubwa. Barabara imekatika, hata jani halitikisiki. Ulipanda mashuani, ukakaa mbele umempakata kichwa mwanao, mgongo kwangu. Mimi nyuma, kwenye usukani. Katikati ya ziwa Salome akapiga ukelele, nami nikachanganyikiwa, nikaifungulia mota nguvu zote. Betri zikaanza kushuka haraka.

Ndipo ulipogeuka. Miaka yote ile sikuwahi kuuona uso wako. Ukanitazama usoni, ukasema, "Mwanangu, punguza. Tutafika."

Nikapunguza. Tukafika. Mjukuu wako alizaliwa kitandani, mikononi mwa nesi, akilia kwa nguvu zote.

Tuliporudi nyumbani ulijificha kama kawaida, na hakuna aliyeligusia jambo lile. Hata siku ya mazishi yako nilikaa nyuma kabisa, kama inavyompasa mkwe. Lakini nakushukuru, mama. Nakushukuru kwa mke, kwa mtoto, na kwa kuivunja desturi uliyoiheshimu maisha yako yote, kwa sababu uliniona naogopa.

Siku ile sikukujibu. Ulimi ulikuwa haujawahi kukuambia neno, ukagoma. Jibu lenyewe lilikuwa fupi tu: Ndiyo, mama.

Pumzika vyema.

Mwanao.